Kanuni ya Kuazima

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Walisema hivyo kwa sababu mwenye nguo aweza kuidai wakati wowote, na aliyeivaa akabaki uchi mbele ya watu. Kanuni ya hesabu iliyopokewa kwa kukaririwa, bila ya kujulikana ilikotoka, ni nguo ya namna hiyo. Mwanafunzi huivaa siku ya mtihani akajiona amependeza. Swali likigeuzwa kidogo tu, kanuni humvuka, naye hubaki ameshika kalamu juu ya karatasi tupu. Insha hii yaipinga desturi ya kuazima kanuni, na yaitetea kazi moja ndogo ambayo wengi huidharau: kazi ya kuchora jedwali kwa mkono wako mwenyewe, kuzipanga hesabu ndogo ndogo ndani yake, na kuzitazama kwa subira mpaka zikuonyeshe mwendo wake.

Nasema kuwa wengi huidharau, wala siwasingizii. Wapo walimu ambao, mwanafunzi akianza kupiga mistari ya jedwali, humwamuru aache mambo ya watoto wadogo na aandike kanuni upesi. Wapo wanafunzi waonao haya kuhesabu moja, mbili, tatu mbele ya wenzao, kana kwamba kuanzia moja ni dalili ya ujinga. Wapo na wazazi wanunuao vijitabu vya maswali na majibu, wakidhani kuwa wamenunua elimu, kumbe wamenunua majibu ya mtu mwingine. Watu hawa wote wana nia njema. Lakini nia njema peke yake haijapata kusahihisha hesabu mbovu.

Mimi ni mwalimu. Kazi hii nilifunzwa katika chuo cha ualimu, na naifanya kati ya vijana wa Kajiado. Neno langu kwako, msomaji, ni hili: mtu asiyeweza kujiandikia jedwali lake mwenyewe atatawaliwa na yule awezaye. Neno hili si la darasani tu. Katika kaunti yetu ni neno la ardhi, la ua, la mifugo na la urithi. Kwa hiyo tuanze na ardhi, maana hapo ndipo hesabu inapomuuma mtu.

Atokaye Nairobi kwa barabara ya Namanga hufika Kitengela, kisha Isinya, kisha mji wa Kajiado, na mbele yake Bissil. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa malisho yasiyokatwa. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ranchi za vikundi, ambamo watu wengi walimiliki ardhi moja kwa hati moja. Baadaye ranchi hizo zilianza kugawanywa kwa wanachama wake, na ile ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mashamba yaliyopatikana yakagawanywa tena, na vipande vyake vikagawanywa tena, hata leo mtu husikia dalali akinadi kiwanja cha hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa futi 100, mahali ambapo babu zetu walihesabu umbali kwa mwendo wa ng'ombe. Palipo na mgawanyo pana hesabu. Na palipo na hesabu pana mwenye kujua na asiyejua.

Tazama jambo jepesi kabisa. Mtu ana viwanja vya mraba vilivyopangwa kwa safu moja, kila kimoja kikigusana na jirani yake, naye ataka kuvizungushia ua wa seng'enge, ukiwamo ua wa kutenga kiwanja na kiwanja. Fundi humwambia: "Mzee, kiwanja kimoja kina pande nne. Viwanja vyako ni ishirini. Nne mara ishirini ni themanini. Nunua seng'enge ya pande themanini." Maneno haya yana sura ya hesabu, yametamkwa kwa sauti ya mtu mwenye hakika, na mzee hutoa fedha. Lakini kijana wake aliye sekondari, kama ana jedwali, hatatoa hata senti kabla ya kuandika hivi:

Viwanja: 1, 2, 3, 4, 5, 6
Pande za ua: 4, 7, 10, 13, 16, 19

Kiwanja cha kwanza chahitaji pande 4. Cha pili hakihitaji nne nyingine, kwa kuwa upande mmoja tayari umesimama. Chahitaji 3 tu. Cha tatu vivyo hivyo, na cha nne vivyo hivyo. Jedwali lamwonyesha kijana kuwa kila hatua huongeza 3, naye aweza kusema bila ya kuhesabu nguzo moja moja kwamba viwanja 20 vyahitaji mara tatu ya 20, na upande 1 wa kuanzia, yaani pande 61. Kati ya 80 na 61 pana pande 19. Pande hizo 19 ni zipi? Ni zile nyua za katikati ambazo majirani wawili huzitumia pamoja, nazo fundi alizihesabu mara mbili. Labda alikosea, labda alikusudia. Jedwali halina haja ya kujua. Lafichua tu kuwa mzee alikuwa karibu kununua nyua 19 zisizo na mahali pa kusimama.

Sasa mtetezi wa kukariri atasema: "Kijana huyo angejua kanuni ya mfuatano angepata 61 upesi zaidi." Kweli. Kanuni hiyo yasema chukua hesabu ya kwanza, ongeza tofauti mara idadi ya hatua, nawe utafika. Nami siikatai kanuni. Nakataa kuazimwa kwake. Maana aliyeikariri atajuaje kwamba hapa hesabu ya kwanza ni 4 na tofauti ni 3? Hakuna aliyemwandikia hayo katika swali. Swali lilizungumza juu ya nyua na viwanja, si juu ya hesabu ya kwanza wala tofauti. Atakayemtolea habari hizo ni jedwali. Asiyelichora hana cha kutia ndani ya kanuni yake, naye ni sawa na mtu aliyeazima sufuria akasahau kuwa hana unga.

Tuligeuze swali kidogo. Tuseme viwanja havikupangwa kwa safu moja, bali vimepangwa mraba: viwili kwa viwili, vitatu kwa vitatu, na kuendelea. Ndipo nguo ya kuazima inapovuka. Aliyekariri kanuni ya safu moja huipachika hapa kwa nguvu, na jibu lake huwa bovu. Aliye na jedwali haoni taabu. Huanza tena na moja:

Viwanja kwa kila upande: 1, 2, 3, 4, 5
Viwanja vyote: 1, 4, 9, 16, 25
Pande za ua: 4, 12, 24, 40, 60
Tofauti: 8, 12, 16, 20
Tofauti ya tofauti: 4, 4, 4

Mstari wa nne haukutulia. Tofauti zake zapanda. Asiye na subira angeacha hapo na kusema kuwa hapana mpango. Lakini ukiandika tofauti ya tofauti waona 4, 4, 4, na mara mpango unajitokeza. Tofauti ya kwanza ikitulia, hesabu hukua kwa hatua zilizo sawa. Tofauti ya pili ikitulia, hesabu hukua pamoja na mraba wa idadi. Hii ni elimu kubwa, nayo imepatikana kwa kutoa tu, kazi ambayo mtoto wa darasa la tatu huiweza. Kisha uliza sababu, nawe utaiona katika picha: viwanja vitano kwa vitano vyahitaji mistari sita ya kulala na mistari sita ya kusimama, na kila mstari una pande tano. Sita mara tano ni 30. Mara mbili ni 60. Kanuni imezaliwa nyumbani kwako. Hukuiazima kwa mtu.

Usidhani kuwa huu ni mchezo wa karatasi. Chukua shamba la mraba lenye urefu wa kilomita 1 na upana wa kilomita 1, yaani hekta 100. Ligawe mraba, ukizungushia ua kila kipande, kisha andika:

Vipande kwa kila upande: 1, 2, 4, 5, 10
Vipande vyote: 1, 4, 16, 25, 100
Hekta za kila kipande: 100, 25, 6.25, 4, 1
Kilomita za ua: 4, 6, 10, 12, 22

Soma jedwali hili polepole, kama usomavyo barua ya mtu wa nyumbani. Ardhi ni ile ile. Haikuongezeka hata unyayo mmoja. Lakini mpaka kila mtu apate hekta yake moja, ua umetoka kilomita 4 ukafika kilomita 22, na hii ni kama majirani wamekubaliana kutumia ua mmoja kati yao. Wakikataa, kila mtu akajenga wake, utakuwa kilomita 40. Na hekta za kila kipande hazikushuka hatua kwa hatua, zimeporomoka. Wagawao huona mstari wa pili tu, ule wa vipande, nao hufurahi kuwa vimekuwa vingi. Hawakuandika mstari wa tatu wala wa nne.

Mistari hiyo miwili ndiyo habari ya uwanda wa Kitengela. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946. Upande wake wa kusini haukuzungushiwa ua, na kwa upande huo nyumbu na punda milia wamezoea kutoka kwenda katika uwanda wetu na kurudi. Kila ua mpya katika uwanda ni mlango uliofungwa, kwa mnyama wa porini na kwa ng'ombe atafutaye majani wakati wa ukame. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela shilingi 300 kwa eka kwa mwaka, wakiiacha ardhi yao wazi bila ya ua. Je, malipo hayo yalikuwa makubwa au madogo? Hekta 100 ni kama eka 247, basi mwenye shamba la mfano wetu angepata kama shilingi 74,100 kwa mwaka. Weka kando yake bei ya kilomita za seng'enge, faida ya kuuza, hasara ya kukosa malisho, na idadi ya watoto watakaorithi. Mimi sikuamulii, ardhi ni ya jamaa yako, na jamaa yako ina haja zake. Nasema tu kwamba jedwali lapasa kuandikwa kabla ya dole gumba kutiwa wino. Baada ya hapo laweza kukuonyesha ulichopoteza, wala haliwezi kukirudisha.

Na urithi nao una jedwali lake. Mwenye hekta 100 akizaa watoto wanne, na kila mtoto akazaa wanne, na kila mjukuu akazaa wanne, hesabu hushuka hivi: 100, kisha 25, kisha 6.25, kisha karibu hekta moja na nusu. Vizazi vitatu tu vyatosha kumfanya mwana wa mfugaji mkubwa kuwa mwenye kiwanja. Hakuna aliyeibiwa hapa. Imekuwa tu kwamba hapana aliyeketi chini akaandika hesabu nne kwa mstari mmoja na kuzitazama.

Nimekwisha kusema ninachokitetea. Sasa yafaa niwasikilize wapinzani, kwa maana anayepinga bila ya kusikiliza ni mgomvi tu. Hoja zao ninazozisikia mara kwa mara ni tatu.

Hoja ya kwanza ni kwamba jedwali linachelewesha. Mtihani una saa zake, wasema, na mwanafunzi hana nafasi ya kuanza na moja. Hoja hii yaonekana kuwa na nguvu mpaka uipime. Jedwali la safu tano huandikwa kwa muda wa dakika mbili au tatu. Kinyume chake, mwanafunzi aliyesahau kanuni yake hukaa dakika kumi akitazama dari, akitumaini kuwa itarudi kama ndege aliyetoroka tundu. Ni yupi aliyechelewa? Mwenda pole hajikwai. Tena kanuni uliyoivumbua kwa jedwali haisahauliki upesi, na hata ikisahaulika, waweza kuitengeneza tena papo hapo. Aliyejenga nyumba ajua njia ya kuijenga tena ikibomoka.

Hoja ya pili ni ya kiburi. Wasema kuwa jedwali ni la wasiojua aljebra, na kwamba msomi hutumia herufi, hahesabu kwa vidole. Hawa wamesahau kuwa mtoto hamzai mama yake. Herufi unayoiandika katika aljebra ni nini, kama si jina la safu ya jedwali ambayo hukuiandika? Unaposema kuwa idadi yoyote ya viwanja huhitaji mara tatu yake na moja zaidi, unasema juu ya safu ya mia na safu ya elfu, ambazo karatasi yako haikuzitosha. Anayeijua herufi bila ya kuzijua safu ni kama anayelijua jina la mtu ambaye hajapata kuonana naye. Atapishana naye njiani asimtambue.

Wala kazi hii ya kupanga hesabu kwa safu si ngeni katika Afrika yetu, wala si ya watoto. Mwaka 1950, Mbelgiji mmoja aitwaye Jean de Heinzelin alifukua mfupa mdogo huko Ishango, upande wa mashariki wa Kongo, mahali ambapo mto Semliki hutoka katika Ziwa Edward. Mfupa huo ni wa miaka yapata 20,000, nao una alama zilizochongwa kwa mafungu katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Jumlisha mwenyewe: kila moja yafika 60. Katika safu ya tatu mna 3 kando ya 6, na 4 kando ya 8. Wataalamu hawajapatana mchongaji alikusudia nini, nami sitajitia kuwaamulia. Lakini jambo moja laonekana kwa macho: mtu huyo hakutupa alama zake ovyo kama anayekuna mfupa kwa uvivu. Alizipanga kwa mafungu na kwa safu, ili jicho lizione. Kama mtu wa Ishango hakuona haya kupanga hesabu zake kwa safu, wewe waona haya gani?

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami naiheshimu. Wasema kuwa jedwali hudanganya. Huonyesha mpango mzuri kwa hatua chache, kisha mpango huo ukavunjika. Wenye hoja hii wana mfano, nao ni mfano wa kweli. Chora duara kubwa, mithili ya boma la Kimaasai litazamwapo kutoka mlimani. Simika nguzo juu ya mstari wa duara, kisha vuta kamba kutoka kila nguzo hadi kila nguzo nyingine, ukijihadhari kamba tatu zisikutane mahali pamoja. Hesabu vyumba vilivyokatwa ndani ya duara:

Nguzo: 1, 2, 3, 4, 5
Vyumba: 1, 2, 4, 8, 16

Kila mwenye macho atasema kuwa vyumba vyaongezeka mara mbili, na kuwa nguzo 6 zitatoa vyumba 32. Hesabu sasa. Hesabu tena, na tena. Vyumba ni 31.

Wapinzani hufurahi hapa na kusema: "Je, hukuona? Jedwali limekupoteza." Nami nawauliza: ni nani aliyefichua udanganyifu huo? Si kanuni ya kukariri. Aliyekariri kwamba ni mara mbili angekufa akiamini 32. Aliyefichua ni yule aliyeongeza safu ya sita katika jedwali lake na kuhesabu kwa uaminifu. Basi jedwali halikumdanganya mtu. Aliyedanganya ni haraka ya mtu aliyesimama katika safu ya tano. Waswahili husema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tukaao uwandani twajua kwamba mawingu ni dalili, wala si mvua yenyewe. Mara ngapi yamejikusanya juu ya Kajiado yakapita kwenda kunyesha kwingine! Mpango uonekanao katika jedwali ni wingu. Sababu ya mpango huo ndiyo mvua. Mwenye busara huandaa shamba aonapo wingu, lakini haandiki kuwa amevuna.

Na ukiendelea mbele, jedwali hilo hilo lililosemwa kuwa laghai litakupa ukweli. Nguzo 7 hutoa vyumba 57, na nguzo 8 hutoa 99. Andika tofauti zake, kama tulivyofanya katika nyua:

Vyumba: 1, 2, 4, 8, 16, 31, 57, 99
Tofauti ya kwanza: 1, 2, 4, 8, 15, 26, 42
Tofauti ya pili: 1, 2, 4, 7, 11, 16
Tofauti ya tatu: 1, 2, 3, 4, 5
Tofauti ya nne: 1, 1, 1, 1

Tazama ulivyotulia mstari wa mwisho. Mpango ulikuwapo siku zote. Ulikuwa umelala ngazi nne chini, nao walioukosa ni wale walioridhika na ngazi ya kwanza. Walakini hata hapa usikae. Uliza sababu. Kamba kila unapoivuta huongeza chumba kimoja, na kila mahali kamba mbili zinapokatana huongeza chumba kimoja tena. Nguzo 6 zina kamba 15 na makutano 15, na chumba kimoja cha mwanzo kabla ya kamba yoyote: jumla 31. Hiyo ndiyo mvua.

Linganisha na karatasi unayoikunja katikati, ukaikunja tena na tena. Ukiikunjua utaona vipande 1, 2, 4, 8, 16, na baada ya hapo 32 kwa hakika. Kwa nini huku ni kweli na kule ni uongo, ilhali hesabu tano za mwanzo ni zile zile? Kwa sababu kila mkunjo hukata kila kipande katikati, bila ya kubakiza kimoja. Lakini kamba mpya ndani ya duara haipiti katika kila chumba. Majedwali mawili yaliyofanana sura yametoka kwa sababu mbili tofauti. Anayeazima kanuni hawezi kuzitenga, kwa kuwa yeye huona sura tu.

Hivyo basi, kijana, sikuombi uliabudu jedwali. Nakuomba ulitumie kwa adabu zake, nazo si nyingi. Anza na idadi ndogo kabisa, hata kama ni moja, hata kama wenzako wacheka. Fuata mpangilio, usiruke kutoka mbili hadi tano kwa sababu ya uvivu. Andika ulichohesabu, usiandike ulichokitumaini. Maana anayeandika 32 mahali pa 31 ili mpango wake upendeze amejifunza kusema uongo, wala hakujifunza hesabu. Piga mstari wa tofauti, na kama haukutulia, piga mwingine chini yake. Ukiona mpango, utabiri safu inayofuata, kisha uihesabu kwa kweli uone kama utabiri umesimama. Mwisho, na hili ndilo kubwa kuliko yote, uliza kwa nini, wala usiinuke kitini mpaka upate jibu liwezalo kuelezwa kwa maneno ya kawaida kwa mtu ambaye hajapata kuingia darasani. Bibi yako asipoelewa sababu yako, yamkini nawe hukuielewa.

Nawe mwalimu, kama macho yako yamepita juu ya kurasa hizi zilizoandikiwa wanafunzi wako, mwache mtoto apige mistari yake. Usimnyang'anye safu ya kwanza kwa kumpa safu ya mwisho. Kanuni utakayompa leo ataitumia mpaka mtihani wa mwisho, nao hauko mbali. Njia ya kuitafuta kanuni ataitumia siku dalali atakapomwambia kuwa kiwanja cha hamsini kwa mia ni eka ya nane. Maana ataandika kwamba eka moja ina futi za mraba 43,560, na kwamba sehemu yake ya nane ni futi 5,445, ilhali kiwanja hicho kina futi 5,000 tu. Atazidisha kwa viwanja vinane na kuona kuwa futi 3,560 hazimo katika hesabu. Labda zimekwenda kwenye njia ya kupitia, na hilo si kosa. Lakini atauliza, na dalali atalazimika kujibu. Na soko ambalo muuzaji hulazimika kujibu ni soko tofauti kabisa na lile ambalo mnunuzi huitikia tu.

Watu wengi watakuja na hesabu zilizokwisha kufanywa: fundi na pande zake themanini, dalali na eka yake ya nane, mwanasiasa na ahadi zake za asilimia, mkopeshaji na riba yake ya kila mwezi iandikwayo kwa herufi ndogo. Wote watasema kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Usiwatukane wala usiwaogope. Omba karatasi na kalamu, piga mistari yako, na uanze na moja.